Kitufe Kando ya Rola

Wakwe zangu wanasema nilipanda juu ya kiwanda kwa sababu ya kiburi. Sikatai. Kiburi kilikuwepo, nilipanda nacho, na nikashuka nacho kikiwa kimenenepa. Lakini kwa kuwa kisa hiki kinasimuliwa Ndhiwa nzima na kila mtu anakitia chumvi anavyopenda, acha na mimi nikiseme, mimi niliyekuwa juu ya boriti na bisibisi mdomoni.

Mimi ni fundi wa stima. Nilizaliwa Karungu katika nyumba ya wavuvi, nikasomea ufundi, nikaolewa Ndhiwa, na wakati wa mambo haya nilikuwa nimeajiriwa Homa Bay kwenye kiwanda kinachotengeneza barafu ya kuhifadhia samaki. Kwa watu wa mume wangu naitwa nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Mke wa shemeji yangu anaitwa nyar Kuria, maana alitoka kwa Wakuria, kule Migori karibu na mpaka wa Tanzania. Mimi na yeye ni nyieka, wake wa ndugu wawili. Dholuo yake, lugha yetu, ilikuwa bado inachechemea, kwa hiyo akiwepo sote tulisema Kiswahili, hata mama mkwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia nyanya na kuwatisha madalali.

Baba mkwe alikuwa na kiwanda cha sukari nguru, ng'ambo ya barabara kutoka bomani. Usifikirie jengo kubwa lenye dohani na askari getini. Ni banda la mabati lililo wazi pande mbili, na katikati yake mashine moja yenye rola tatu za chuma zinazobanana. Mtu anasimama mbele na kuingiza miwa, miwili mitatu kwa mpigo. Rola zinaivuta, juisi inachuruzika chini mferejini, makapi yanatokea upande wa pili. Juisi inakwenda kwenye makarai makubwa yaliyo juu ya moto wa makapi hayohayo, na mpishi anaikoroga mpaka inakuwa nzito na kugeuka sukari. Zamani rola zilizungushwa na injini ya dizeli. Stima ilipofika, mzee akanunua mota, na kila mgeni alipelekwa kuitazama kabla hajapewa kiti.

Aliyesimama mbele ya rola alikuwa nyar Kuria. Mlishaji wa kabla yake alikwenda Migori kutafuta dhahabu akasahau kurudi, na baba mkwe akauliza kwa nini ahangaike na mtu wa nje wakati boma lina watu. Nyar Kuria akaachiwa miwa. Alikuwa na mkono mwepesi, akiingiza mua huku macho yako kwenye mua unaofuata, na alifanya kazi kuliko yule mwanamume aliyeondoka. Siku moja mama mkwe alimtuma mtu amwite aje awapikie wageni, na baba mkwe akamrudisha mjumbe mikono mitupu. Akasema kwa sauti, sote tukasikia: "Hapa si boma. Hapa ni kazini. Hapa hakuna mke wa mtu, kuna mfanyakazi."

Nilikuja nyumbani kila nilipopata ofu kazini, na kila nilipokuja nilisimama mbele ya ile mashine nikaitazama mikono ya nyar Kuria. Kule Homa Bay, kwenye mnyororo unaobeba vipande vya barafu, tulikuwa na vitufe vyekundu vyenye kichwa kipana, kimoja kila mahali ambapo mkono wa mtu unakaribia chuma. Siku moja glavu ya mwenzetu ilinaswa. Aliyekuwa jirani yake akakipiga kitufe kwa kiwiko, mnyororo ukasimama, mwenye glavu akautoa mkono wake mzima, akaitukana glavu, tukaenda kunywa chai. Hakuna aliyeandika habari hizo popote. Pale Ndhiwa, ukitaka kuzima mota, ulitoka kwenye rola, ukazunguka rundo la makapi, ukapita makarai, ukafika kwenye ukuta wa ofisi ya mzee, ndipo ukakuta sanduku la stima. Mtu aliyeshikwa mkono angefikaje huko?

Nikamwuliza baba mkwe swali hilo, kwa adabu, nikiwa nimeinamisha macho kama inavyompasa mke wa mwana.

"Baba, nyar Kuria akishikwa, nani atazima?"

"Atapiga kelele. Mtu atazima."

"Na hii ngurumo, nani atamsikia?"

"Nyar Karungu, mimi nimekaa na hii mashine miaka mingi kuliko wewe umekaa na mume wako. Imeshika nani?"

Nikamwambia inahitaji kushika mara moja tu. Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu anisome vibaya hapo. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na huo ni ugonjwa tofauti. Nikamweleza juu ya kitufe, nikamwonyesha mahali: kwenye nguzo ya mbao kando ya rola, usawa wa nyonga ya mlishaji, ambapo hata akishikwa mkono mmoja anakifikia kwa mwingine, au kwa goti. Akatazama nguzo, kisha akatazama juu.

"Na waya itapita wapi? Chini kuna wilibaro na juisi, itakatika. Itapita juu kwa boriti. Sasa nani atapanda? Wewe?"

Alijua anachouliza. Kwetu mke hapandi juu ya paa mumewe akiwa hai. Mke akipanda, amemtangaza mumewe marehemu na ameleta balaa bomani, ile tunayoita chira, inayowafuata mpaka watoto. Na kupanda juu ya kichwa cha baba mkwe ndiyo kabisa. Hata kuchuma embe juu mtini nilikuwa nimeacha siku niliyoolewa, mimi niliyekulia juu ya miti.

"Lakini sijakataa," mzee akaendelea. "Swichi tutaweka. Itakaa hapa kwa mlango ya ofisi, karibu na sanduku. Hii mashine iko na mwenyewe. Nikiweka pale kwa rola, kila mtu akisikia mgongo unauma anafinya, na sukari yangu inaungua."

Nikamwambia sitakifunga kitufe mlangoni kwa mkono wangu. Nilisema hivyohivyo. Akasema mafundi Ndhiwa wako wengi. Na kweli, siku chache baadaye fundi mwingine akaja, akafunga kitufe kizuri chekundu kando ya mlango wa ofisi, na baba mkwe akaanza kukionyesha kwa wageni baada ya mota.

Kitufe kile kilimlinda mzee dhidi ya hatari zote zinazoweza kumpata mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki.

Siku yenyewe nilikuwa pale, ofu, nikiwa nimebeba chai ya wafanyakazi. Ilikuwa asubuhi ya baridi na nyar Kuria alikuwa amevaa sweta. Kibanzi cha mua kilichotokeza kama ndoana kikashika mkono wa sweta, na rola zikavuta mua. Nilimwona akijivuta nyuma. Kwanza sikuelewa, nilidhani anacheza. Kisha nikasikia sauti yake, na hiyo sitaieleza.

Nikaitupa birika. Nilikimbia kadiri binadamu anavyoweza kukimbia, nikalizunguka rundo la makapi, nikamgonga mtu mwenye wilibaro, nikaruka mfereji wa juisi, nikapita makarai huku mpishi akiuliza kuna nini, nikafika mlangoni na kukipiga kitufe kwa viganja vyote viwili. Kilifanya kazi barabara. Mota ikanyamaza. Wakati huo nyar Kuria alikuwa ameegemeza mguu kwenye mashine, sweta imepasuka mpaka begani, mkono umetoka, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikuwa vimetoka vyote.

Tulimfunga kwa leso yangu, tukampakia kwenye gari la jirani mpaka Homa Bay hospitalini. Njia nzima alinishika kwa mkono wake mzima na kurudia neno moja: "Sikufika. Nyieka, nilijaribu, sikufika." Alidhani alipaswa kufika. Nilikasirika hivi kwamba nilishindwa kulia, na hasira ile bado ninayo, naitunza vizuri.

Daktari alifanya alichoweza. Kidole cha kati na cha pete vikabaki vifupi.

Bomani maneno yakaanza. Huyu akasema sweta si nguo ya kazi. Yule akasema wanawake hupiga gumzo wakilisha miwa. Mwingine akasema mtu wa kutoka mpakani hajui mashine, kana kwamba sisi tulizaliwa na mashine mkononi. Mama mkwe akawaita akina mama wa kanisa, wakaja na sare zao, wakaizunguka ile mashine na kuiombea. Nilisimama nao. Niliimba, nikafumba macho, nikasema amina kwa moyo wote, kwa maana na mimi namwamini Mungu. Baada ya maombi nikamfuata baba mkwe ofisini.

"Baba, tuhamishe kitufe."

"Kitufe kilikuwepo," akasema. "Na wewe ndiye ulifinya. Si mashine ilisimama?"

"Ilisimama vidole vikiwa vimeenda."

"Hiyo ni ajali. Ajali haina mwenyewe."

Niliondoka nikiwa nimeuma meno. Niliwatafuta mafundi watatu wanaume niliowafahamu, nikawaomba wapande waniwekee waya tu, mengine nitamaliza mwenyewe. Kila mmoja akauliza mzee amesema nini. Nikawaambia ukweli. Kila mmoja akakumbuka ghafla kuwa ana kazi upande wa pili wa Ndhiwa. Siwalaumu, mzee ni mzee na wao wanaishi hapo.

Nyar Kuria alirudi kwenye rola bandeji ikiwa haijatoka. Nilimkaripia. Nilimwambia apumzike, akae, amwachie mzee rola zake azilishe mwenyewe. Alikuwa akipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto, hakuinua hata kichwa.

"Nikiogopa hiyo mashine sasa," akasema, "itakuwa imekula mimi yote. Mimi nataka kusimama pale. Lakini nataka kusimama pale nikiweza kuizima. Basi. Wewe ni fundi ama si fundi?"

Swali hilo lilinichoma kuliko matusi. Nilirudi Homa Bay kazini nalo, nikalala nalo, nikaamka nalo. Mwisho wa wiki nikaingia duka la vifaa vya stima, nikanunua kitufe, sanduku lake, waya na mabomba ya plastiki ya kuupitishia, nikapanda gari la Ndhiwa.

Kabla ya kufanya lolote nilimpigia simu mume wangu. Yeye ni fundi mitambo huko Migori, anatengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kelele za huko humfanya azungumze kwa kupaza sauti hata akiwa kitandani. Nikamwambia: kesho napanda juu ya kiwanda cha baba yako. Nikasikia akitoka penye kelele.

"Unajua watasema nini," akasema.

"Watasema nimekuua."

"Mimi niko mzima?"

"Nakusikia uko mzima."

"Basi fanya. Lakini mama akinipigia, sikujui."

Huo ndio ujasiri niliopewa na mwenye nyumba. Nilicheka, nikakata simu. Nisidanganye, niliogopa. Nililelewa na mambo hayo. Unaweza kuyabishia mchana mbele za watu, lakini ukibaki peke yako na ngazi, yanakuja kukaa karibu nawe. Na kulikuwa na jambo la wazi zaidi kuliko chira: baba mkwe angeweza kusema nirudi kwetu Karungu, na hakuna kikao cha wazee ambacho kingemuuliza kwa nini.

Jumatatu asubuhi, mashine ikiwa bado haijawashwa, nikavuka barabara. Nilivaa suruali ya kazi, na juu yake gauni, ili nisiwe na makosa mawili kwa pamoja. Nikazima stima kwenye swichi kuu, nikaifunga kwa kufuli langu, ufunguo nikautia mfukoni. Nikasimamisha ngazi kwenye boriti. Wafanyakazi wakaacha walichokuwa wakifanya. Hakuna aliyekuja kunishikia ngazi, kwa sababu kuishika ni kushiriki. Nyar Kuria akaja, akaukumbatia mguu mmoja wa ngazi kwa mkono wake mzima. Ngazi ikacheza upande wa pili. Mpishi akatazama pembeni, akajikuna, akaja akauwekea ule upande mgongo wake.

"Mimi sijashika," akawatangazia wote. "Nimeegemea tu."

Nikapanda. Nilikuwa nimefika katikati mama mkwe alipotokea mbio akiwa na kanga moja, mikono kichwani.

"Yawa! Nyar Karungu, unataka kuzika mtoto wangu?"

"Mama, nimeongea naye sasa hivi. Anakunywa chai."

"Shuka!"

"Nikimaliza."

Nikafika juu, nikakaa kwenye boriti nikiwa nimeitia kati ya miguu, mabati karibu yaguse kichwa changu. Sikuwa hata juu ya paa, nilikuwa chini yake, lakini kwa waliokuwa wanatazama haikuwa na tofauti. Nilianza kufunga bomba la kwanza. Ndipo sauti ya baba mkwe ikaja kutoka mlangoni.

"Lor piny," akasema. Shuka chini. Kwa Dholuo, na si kwa sauti kubwa. Mzee akisema polepole ndipo unajua amekasirika.

Nilikuwa na bisibisi mdomoni. Nikaitoa. Sikuwa nimewahi kumjibu mzee yule mbele za watu, na nilitaka nimjibu vizuri.

"Baba, ningekuwa bomani ningeshuka. Ingekuwa nyumba yako, au ya mama, usingeniona nimepanda hata kidogo. Lakini wewe mwenyewe ulisema mbele ya hawa wote: hapa si boma, hapa ni kazini, hapa hakuna mke wa mtu. Nyar Kuria alipotakiwa jikoni, hapa palikuwa kazini. Vidole vilipoenda, palikuwa kazini, ajali haina mwenyewe. Sasa mimi nimepanda, pamekuwa boma? Chagua moja, baba. Pakiwa boma, basi huyu ni mkwe wako amekatwa na chuma chako, na tuite wazee wakae. Pakiwa kazini, mimi ni fundi na niko kazini."

Sikumaliza kwa sauti thabiti. Mwishoni ilikuwa inapanda kama ya mtoto anayekaribia kulia. Lakini niliyasema yote. Mzee alisimama akiangalia juu, na mimi nikaona jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, upara wake. Wote waliokuwa pale walikuwa wanangoja aniambie nifungashe virago.

Akageuka akaingia ofisini. Mama mkwe akakaa juu ya rundo la miwa, akanitazama kwa macho ya mtu anayekesha na maiti.

Nikavuta waya kwa boriti mpaka juu ya rola, nikauteremsha kwenye nguzo, nikafunga kitufe mahali palepale nilipokuwa nimemwonyesha mzee mwanzoni. Niliunganisha kwa namna ambayo hata waya ukikatika wenyewe, au panya akiutafuna, mashine inasimama. Nilimwita nyar Kuria asimame kwenye nafasi yake, nikamwambia afanye kama mkono wa kulia umeshikwa. Akanyoosha wa kushoto. Kilikuwa juu kidogo. Nikakishusha. Akajaribu kwa kiwiko, kwa goti, akiwa ameinama, akiwa amefumba macho, na kila mara akakipata. Hakutabasamu. Alikuwa anakijaribu kwa makini ya mtu anayenunua ng'ombe.

Mpishi naye alikuwa na lake, na lilikuwa la haki. Juisi ikikatika ghafla, karai la kwanza linakauka juu ya moto usiozimika upesi, sukari inaungua, na lawama ni zake. Wapishi wengi wamewapigia walishaji kelele wasisimamishe kitu kwa sababu hiyo tu. Tulizungumza, tukatafuta pipa, tukaliinua juu ya matofali kando ya mfereji, likawa linajazwa juisi ya akiba. Mashine ikisimama, anafungua koki na karai halikauki. Kazi yote ilikuwa ya watu wawili na pipa moja kuukuu, na kwa miaka yote watu walikuwa wameona ni nafuu mtu aumizwe na rola kuliko sukari kuungua.

Nikafungua kufuli, nikarudisha stima. Baba mkwe akatoka ofisini, kwa kuwa kuwasha mota ilikuwa kazi yake na hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Kabla hajawasha akawageukia wote.

"Sikieni. Hiyo kitu imewekwa. Sawa. Lakini mtu akifinya bila sababu, aende kwao."

Hakumtazama mtu. Hakuwa na haja. Wenye "kwao" pale tulikuwa wawili, mimi na nyar Kuria. Wengine wote walikuwa kwao tayari.

Akawasha. Rola zikaanza kuzunguka, juisi ikashuka, mambo yakarudi kama kawaida. Nilikuwa nakusanya vipande vya waya. Nyar Kuria aliingiza miwa, akaingiza mingine, bandeji yake ikiwa imeshika uchafu wa kijani. Mashine ilikuwa inakwenda vizuri. Hakuna kilichonasa, hakuna aliyepiga kelele. Kisha akageuza nyonga yake, akakipiga kitufe.

Kukawa kimya. Ungeweza kusikia moto wa makapi ukitafuna.

"Kuna nini?" baba mkwe akauliza kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu, baba," nyar Kuria akasema.

"Sasa umefinya kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama nikisema simama, inasimama."

Nilitamani kumziba mdomo, na wakati huohuo nilitamani kumbeba mabegani. Mzee akaugeukia ukuta, akabonyeza cha kuwashia. Mota haikusema kitu. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kisha akanitazama mimi.

"Umeharibu."

"Sijaharibu, baba. Kikifinywa kinabaki kimefinyika. Mashine haiwaki mpaka kizungushwe palepale kilipo. Ndivyo vilivyo vyote."

"Hata mimi siwezi kuwasha kutoka hapa?"

"Hata wewe."

Mzee akaja. Akalizunguka rundo la makapi, akapita makarai na mfereji, njia ileile niliyoikimbia, akafika mbele ya rola, mahali ambapo sikuwahi kumwona akisimama tangu niolewe. Nyar Kuria akarudi nyuma nusu hatua kumpa nafasi. Kitufe kilikuwa kwenye nguzo, na rola zilikuwa karibu sana, meno yake yamejaa nyuzi za miwa. Mzee akanyoosha mkono kukizungusha. Akausimamisha mkono hewani. Akaurudisha, akaukunja mkono wa koti lake taratibu, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili, mpaka juu ya kiwiko.

"Baba," nyar Kuria akasema, kwa upole kabisa, "mashine imezimwa. Unakunja koti kwa nini?"

Mzee alisimama pale na mkono wake mtupu, akaziangalia rola, kisha akaiangalia ile bandeji. Aliiangalia kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu ifungwe. Akarudi nyuma, akapisha.

"Fungua wewe," akasema.

Nyar Kuria akasema sawa, baba, lakini kwanza anywe maji. Akaenda kwenye mtungi, akachota, akanywa kikombe kizima akiwa amesimama, na sote tukamngoja.